Pointi: sehemu ya inchi ya nani?

"Nichapie kwa fonti 12." Ndivyo wanafunzi wanavyoagiza katika steshenari za Bombambili, hapa Songea, na mwenye kompyuta anaelewa. Lakini fonti ni sura ya herufi, si kipimo. Kusema "fonti 12" ni sawa na kumwambia muuza mahindi "nipe mahindi 12" bila kutaja debe wala kilo. Kipimo chenyewe ni pointi.

Chukua rula. Pointi 12 za kompyuta ni milimita 4.23. Sasa pima H kubwa ya Times New Roman iliyochapwa kwa saizi hiyo: utapata kama milimita 2.8. Rula haijakosea. Zamani kila herufi ilikaa kichwani mwa kipande cha risasi, na pointi zilipima kipande kizima, pamoja na nafasi ya mikia ya g na y. Risasi imeondoka, hesabu yake imebaki.

Pointi yenyewe nayo si moja. Mtengenezaji wa herufi Pierre Simon Fournier wa Paris alitoa jedwali la saizi zake mwaka 1737. Miaka ya 1780, mchapaji François-Ambroise Didot akaifanya pointi kuwa sehemu ya 72 ya inchi ya mfalme wa Ufaransa, yaani milimita 0.376. Mwaka 1886 watengenezaji wa herufi wa Marekani wakakubaliana juu ya pointi ndogo zaidi, ya milimita 0.351. Kisha PostScript, lugha ya kompyuta ya kupanga kurasa ya kampuni ya Adobe, iliyotoka mwaka 1984, ikachukua sehemu ya 72 ya inchi ya milimita 25.4, ikapata 0.353. Kwa hiyo Didot na kompyuta wote wanagawa kwa 72. Kinachotofautiana ni inchi.

Wachapaji wa Ujerumani walipima kwa Didot. Huko ndiko walikotoka watawa Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho, jirani yetu, mwaka 1898, na baadaye wakawa na kiwanda cha chapa. Mistari 50 ya pointi 12 za Didot, ikipangwa upya kwa pointi 12 za kompyuta, inapungua karibu sentimita 1.4: nafasi ya mistari mitatu.

Je, tuiite nukta? Neno ni zuri, ila lina kazi nyingi tayari: ni kituo cha sentensi, ni kidoa juu ya i, na ndilo tunalosoma katikati ya 4.23. "Nukta 12 ni milimita nne nukta mbili tatu" ni sentensi ya kumchosha msikilizaji. Pointi nayo ina maana nyingine, lakini ukiitaja steshenari hakuna atakayedhani unahesabu za timu ya Majimaji kwenye msimamo wa ligi. Tuibakize, na palipo na shaka tutaje mwenyewe: pointi ya Didot, pointi ya Marekani, pointi ya kompyuta.