Kodi ya Hemingway Paris Ilikuwa Inalipwa na Nani?

Kuna picha moja ya Paris ambayo imeuzwa sana. Kijana wa miaka 22, mfuko umetoboka, amekaa mkahawani na daftari na penseli, nje mvua inanyesha, mke anamngoja nyumbani, na siku moja kijana huyo atakuwa Ernest Hemingway. Waandishi chipukizi wanaipenda hiyo stori kufa. Ujumbe wake ni ule ule kila mara: teseka kwanza, njaa ndiyo shule.

Sasa mimi nina swali la kimtaani tu. Keja ilikuwa inalipwa na nani?

Ilikuwa inalipwa na Hadley. Hadley Richardson, binti wa St. Louis, mpiga piano, alimzidi Ernest miaka minane. Walikutana Chicago mwaka wa 1920 na wakaoana Septemba 1921. Hadley alikuwa amezikwa hai kidogo hapo kwao. Alianguka kutoka dirishani akiwa mtoto, na tangu hapo nyumba nzima ikamchukulia kama yai, hata alipokuwa mtu mzima. Mama yake alipofariki mwaka wa 1920, Hadley alikuwa na miaka 28 na hajawahi kuishi maisha yake mwenyewe. Kwa hivyo mtu asiniambie alivutwa tu Ulaya na bwana. Huyu dada alikuwa anataka kutoka, na alikuwa na nauli.

Nauli hiyo ilikuwa urithi. Pesa za familia zilikuwa zimewekezwa, na kila mwaka zilimletea kati ya dola 2,000 na 3,000. Mwanzoni walitaka kwenda Italia. Mwandishi Sherwood Anderson akawaambia waende Paris, akawapa na barua za kuwatambulisha kwa watu wake. Desemba 1921 wakapanda meli.

Hapo ndipo hesabu inakuwa tamu. Kabla ya Vita vya Kwanza, dola moja ilikuwa inakupa faranga tano na kidogo. Walipofika Paris ilikuwa inakupa kama 12 au 13. Kufikia Julai 1926 ilikaribia 50. Mnakumbuka mwanzo wa 2024 dola ilipopita shilingi 160, na kila msee anayelipwa na kampuni ya ng'ambo akawa anatembea kifua mbele? Basi wazia hiyo hali ikiendelea miaka mitano mfululizo, na wewe ndiye unayeshika dola.

Nyumba yao ya kwanza ilikuwa namba 74, rue du Cardinal Lemoine. Vyumba viwili, maji ya moto hakuna, choo kiko kwenye ngazi, ukumbi wa densi uko hapo chini unapiga muziki usiku. Kodi ilikuwa faranga 250 hivi kwa mwezi, yaani kama dola 20. Ni kweli ilikuwa ploti. Lakini walikuwa na mama wa kazi aliyekuja kupika na kufagia, na Ernest akakodi chumba kingine kando cha kuandikia. Hebu niambie, ni maskini gani wa Githurai mwenye mama wa kazi na ofisi?

Na Ernest mwenyewe alijua. Februari 1922 aliandika makala kwa gazeti la Toronto kueleza kwamba dola elfu moja kwa mwaka zinatosha kuishi Paris vizuri kabisa. Wao walikuwa na mara mbili au tatu ya hiyo, bila kuhesabu mshahara wa gazeti. Zilizobaki zikaenda kwa treni. Wakaenda Uswisi kuteleza kwenye theluji. Wakavuka mlima kwa miguu kutoka Uswisi hadi Italia kupitia Great St. Bernard, na Hadley alikuwa amevaa viatu vya mjini, akafika miguu imevimba. Wakaenda Pamplona kutazama ng'ombe. Majira mawili ya baridi wakakaa Schruns, kijiji cha Austria, ambapo kwa hesabu ya Ernest mwenyewe malazi na chakula chao na mtoto havikuzidi dola mbili kwa siku. Austria nayo ilikuwa imeporomokewa na pesa yake.

Lakini safari ambayo mimi hainitoki kichwani ni fupi kuliko zote. Mwaka wa 1922 walikuwa Strasbourg, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Wakavuka daraja la mto Rhine hadi mji mdogo wa Kehl. Ernest akabadilisha faranga 10, karibu senti 90 za Kanada, akapewa maki 670. Pesa hizo wakazitumia siku nzima, wawili, wakila na kununua bila kujibana, na jioni wakarudi na maki 120 mkononi. Maki 120 ndiyo ilikuwa bei ya chakula kamili kwenye hoteli bora ya mji ule.

Hiyo asubuhi walinunua matofaa matano kwa mama mmoja mzee barabarani. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, mtu wa heshima, akavua kofia na kuuliza kwa woga, ni bei gani? Maki 12. Akatabasamu, akatikisa kichwa, akasema ni ghali mno kwake. Maki 12 siku hiyo ilikuwa chini ya senti mbili. Ernest aliandika kwamba alitamani angempa mzee matofaa machache. Hakumpa. Na alasiri vijana wa Strasbourg wakamiminika kwa duka la keki la Kehl, wakabugia keki hadi zikaisha, huku mwenye duka akiwatazama kwa uso wa mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

Mimi huyo mzee nimemuona Watamu. Nimemuona Diani, anauliza bei ya samaki aliyekuwa akimla tangu utoto, na mbele yake kuna mgeni na mke wake wanaona samaki ni bure. Mgeni hana ubaya wowote. Anacheka vizuri, anajua "pole pole". Bei tu ndiyo imehama ikafuata mfuko wake. Sifa moja ya Hemingway, na namvulia kofia, ni kwamba aliona na akaiandika wakati ule ule, akiwa yeye ndiye mwenye mfuko.

Baadaye ndiyo akaigeuza stori. Njaa kidogo ilikuwepo, tusiseme uongo. Mtoto alizaliwa Toronto Oktoba 1923, Ernest akaacha kazi ya gazeti, wakarudi Paris Januari 1924, na kumbe aliyesimamia pesa za Hadley kule Marekani alikuwa amezichezea, nyingi zikapotea. Miezi hiyo ilibana kweli. Ila hata hapo, kilichowalisha ni masalio ya urithi wa mke, maana mume alikuwa hana mshahara.

Na kwenye mikutano ya wakubwa Hadley alikaa wapi? Kwa Gertrude Stein, rue de Fleurus 27, utaratibu ulijulikana: Stein anaongea na wanaume wasanii, wake zao wanapelekwa pembeni kukaa na Alice Toklas. Anayelipa kodi anaongea na wake wenzake habari za jikoni.

Kitu ambacho watu wanamkumbuka nacho Hadley ni sanduku. Desemba 1922 alikuwa anasafiri kwenda Lausanne kumfuata mumewe, akabeba karibu maandishi yake yote, na nakala zake pia, sanduku likaibwa Gare de Lyon. Miaka mia moja watu wanasimulia hilo sanduku. Kodi hakuna anayeisimulia.

The Sun Also Rises ilitoka Oktoba 1926. Hadley alikuwepo Pamplona mwaka mmoja kabla, kwenye safari iliyozaa hicho kitabu. Ndani ya kitabu hayumo. Jina lake liko kwenye ukurasa wa kutabaruku, na mapato Ernest akamwandikia yeye, kwa sababu wakati huo tayari alikuwa anaondoka. Talaka ikakamilika 1927, na Mei mwaka huo huo akamuoa Pauline Pfeiffer, mwandishi wa jarida la mitindo, rafiki ya Hadley, binti wa familia yenye pesa kuliko za Hadley mara nyingi.

Desemba 1933 Ernest na Pauline walishuka Mombasa. Wakapanda hadi Nairobi, wakakaa shambani kwa mwindaji Philip Percival huko Machakos, kisha wakaingia Tanganyika kuwinda simba, hadi kuhara damu kukamuangusha Ernest na ndege ikaja kumrudisha Nairobi. Safari hiyo ilimpa kitabu kizima. Bili ilienda kwa amu yake Pauline, Mzee Gus Pfeiffer.