Machakos: matuta yalisifiwa, soko likasahauliwa

Miaka zaidi ya 30 imepita tangu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki watoe *More People, Less Erosion*, kitabu cha 1994 kilichoitangaza Machakos ya Kenya duniani. Wilaya hiyo, ambayo maafisa wa kikoloni wa miaka ya 1930 waliiona imeharibika, vilima vipara na udongo umekwenda na mvua, kufikia 1990 ilikuwa na watu mara tano zaidi, na thamani ya mazao kwa kila mtu imepanda karibu mara tatu. Tangu hapo mgeni akija huoneshwa matuta ya fanya juu, yanayochimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro. Sokoni hapelekwi.

Kitabu hichohicho kinaeleza kuwa jembe lilifuata bei. Watu walichimba matuta palipokuwa na kahawa, mboga au matunda ya kuuza, lori la kuyabeba, na Nairobi ya kuyala. Kwamba uchuuzi huamua tija si jambo la Machakos pekee: wachumi wa Ulaya nao, walipotafuta kwa nini tija yao iliachwa nyuma na Marekani baada ya 1995, waliishia kutazama maduka, uchukuzi na huduma za biashara.

Wakamba, wenyeji wa Machakos, hawakufundishwa biashara. Misafara yao ilipeleka pembe za ndovu pwani, na Kivui Mwenda, aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Kisha wakaja Waingereza na kituo chao cha Machakos. Reli ikapita mbali, ofisi zikahamia Nairobi.

Ila mwaka 1938 haupitwi hivihivi. Serikali ilisema ng'ombe wamezidi na wanaharibu ardhi. Wakati huohuo kampuni ya Liebig's ilikuwa na kiwanda cha nyama Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Mifugo ikaswagwa mnadani kwa nguvu, ikauzwa kwa bei ambayo mwenyewe hakuikubali. Mwezi Julai, kiongozi wa Wakamba Muindi Mbingu na maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, waliingia Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, wakikataa kuondoka hadi Gavana Brooke-Popham awasikilize. Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Uuzaji wa lazima, hata hivyo, uliachwa.

Vitabu vya shule huita hayo maandamano ya kupinga kupunguzwa kwa mifugo. Mimi nayasoma kama ugomvi wa bei: nani mwenye haki ya kuitaja? Mkamba aliuza ng'ombe siku zote, ila kwa wakati wake na kwa mnunuzi wake. Mtaa wa Muindi Mbingu jijini Nairobi unapita mbele ya City Market, na sidhani wengi wanaonunua nyama humo wanajua kwa nini unaitwa hivyo.

Baada ya uhuru vilipanuka vyama vya ushirika na huduma za mabasi. Siku hizi ni serikali ya kaunti na mazungumzo ya Konza, jiji la teknolojia linalopangwa. Uchuuzi wenyewe hauna msemaji. Dalali hukadiria maembe yakiwa bado mtini, hutaja bei, na mkulima huikubali kwa sababu lori ni la dalali.