Chumba cha Injini cha Gari la Ami

Picha ya gari jeupe wengi wenu mmeisikia, wachache mmeiona. Ami amesimama kando ya Volvo Amazon, amevaa suti nyeusi, mkono juu ya boneti, theluji miguuni. Nyuma pameandikwa kwa wino, "Stockholm, 1971". Nyumbani kwetu Maskati picha hiyo haikutundikwa ukutani hata siku moja. Ilifungiwa kashani pamoja na barua, na sisi watoto tulijifunza mapema kutoiulizia.

Bibi alibaki Malindi, Unguja, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wanawe wawili walitawanyika. Ami, aliyekuwa baharia, aliteremka melini Sweden na hakupanda tena. Baba alikaa Mombasa mpaka Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje; ndipo akaingia Maskati. Walikubaliana kuchanga ili mama yao atolewe. Kuondoka Unguja miaka ile hakukuwa jambo la kukata tiketi tu. Palihitajika ruhusa, na ruhusa ilikuwa na gharama zake. Fungu la baba lilitimia. La ami lilichelewa, kisha badala yake ikaja picha. Bibi alifariki mwaka 1973 bila ya kuvuka bahari, na baba akamwandikia nduguye mstari mmoja: gari umelipata, mama umemkosa. Hawakuandikiana tena kwa miaka kumi na minane.

Ami alipofariki, gari liliniangukia mimi, niliyekuja Stockholm kusoma nikabaki. Ni la mwaka 1964, na utani huo wa tarehe mwenyewe hakuwahi kuutaja. Amazon ilioneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956 na ikaundwa hadi 1970, zaidi ya magari 660,000. Nje ya Sweden haikuuzwa kwa jina hilo, kwa kuwa kampuni ya pikipiki ya Ujerumani, Kreidler, ilikwishalimiliki. Ndiyo maana wazee wa Nairobi wanaikumbuka kwa namba tu. Injini yake ni B18, lita 1.8, fito yake ikikaa juu ya beringi tano, na ugumu wake haukuthibitishwa kwenye theluji peke yake. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda mashindano ya Safari kwa PV544, Volvo ya umbo la zamani yenye injini hiyo hiyo. Gari lao halikuwa jipya. Lilikwisha kukimbizwa mwaka uliotangulia na timu ya kiwanda, na Joginder, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva, alilitengeneza upya. Ami alikuwa akiisimulia habari hiyo kila tulipopanda gari, nami nikidhani anajivunia Afrika Mashariki tu.

Msimu huu wa baridi niliamua kupaka rangi chumba cha injini. Chumvi inayomwagwa barabarani hapa wakati wa barafu hula bati kimyakimya, na kutu ilikuwa imefika chini ya betri. Wapo wanaopuliza rangi injini ikiwa mahali pake, wameifunika kwa magazeti. Kwangu mimi hiyo ni sawa na kupiga chokaa chumba bila ya kutoa kitanda. Katika gereji ya kukodi huko Farsta nilimwaga maji na oili, nikafunga kikaratasi chenye namba kwenye kila waya, nikatoa boneti, rejeta, kabureta na ekzosi, nikafungua propela shafti, kisha nikaivuta injini pamoja na gia boksi kwa mnyororo. Hutoka imeinamisha mkia, pua juu, na lazima mtu wa pili ailinde isigonge ukuta wa nyuma. Ilipoachia, nikaona kwa mara ya kwanza sehemu ambayo ami peke yake ndiye aliyeijua.

Kwenye ukuta huo wa nyuma pana kibati cha kiwanda chenye namba ya rangi, na namba hiyo ni ya rangi nyeupe. Upande wa kushoto msasa ulionesha hivyo hivyo: nyeupe, praima, chuma. Upande wa kulia, chini ya nyeupe ilitokea buluu. Bati zima la ndani, kutoka kwenye taa hadi karibu na mlango, lilikuwa la gari jingine. Limechomelewa kwa mkono usio wa fundi bodi, mshono umevimba kama kovu, na rangi ya juu imepakwa kwa brashi. Nyuzi mbili za brashi zimekaukia humo. Boriti ya mbele ilikuwa imepinda ikanyooshwa kwa nyundo. Kwa ufupi, gari hili liligongwa vibaya, na aliyelifufua alikuwa kuli wa bandari ya Frihamnen aliyejifunza kuchomelea melini.

Nilijizuia kufurahi haraka. Huenda ajali ilitokea baada ya picha. Ami aliacha nakala yake, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Gari limepigwa picha kwa upande wake wa kushoto, ule mzima. Lakini boneti inaonekana, na ukingo wake wa mbali, wa kulia, umeinuka na kuacha uwazi mpana kwenye madigadi. Uwazi huo ndio niliokuwa nikihangaika nao miaka yote bila ya kuuziba. Basi mwaka 1971 bati la buluu lilikuwa limekwisha kuwamo.

Bei aliyolipa siijui, na risiti sikuipata. Ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, ulioanza Sweden mwaka 1965, ulikuwa ukiondoa barabarani magari mengi mabovu, na lililogongwa hivi halikuwa na thamani kubwa. Hata hivyo, chochote alichotoa hakikuwa cha bibi. Ninachoweza kusema ni kwamba picha ile, iliyosomwa kwetu kama majivuno ya tajiri, ilipigwa na mtu aliyechagua upande wa kuonesha. Nadhani alitaka mama yake amwone amesimama vizuri. Kama angeandika maneno mawili kuhusu lile bati, kasha lisingefungwa; lakini ukoo wetu, mnaujua.

Chumba nimekipaka nyeupe, isipokuwa bati la kulia: hilo nimelisafisha, nikaziba kutu, nikapitisha vanishi juu ya buluu na mshono wake.

Nilimtumia baba picha za simu. Ana miaka themanini na sita. Siku tatu hakujibu. Ya nne akapiga alfajiri: alikuwa amelifungua kasha, ameitoa picha, ameazima miwani ya shangazi, na alitaka kujua kama nina hakika kuhusu ule uwazi wa boneti, ni upande wa kulia wa gari au kulia kwake yeye anayetazama. Nikamwambia wa gari. Akasema, "Ngoja," nikasikia karatasi ikigeuzwa.