Nuru Inayozimwa na Msongamano

Kwinini tunaijua kwa uchungu wake. Aliyewahi kuinywa hahitaji kuelezwa: masikio yanavuma, mdomo mzima nyongo. Lakini kwinini ina jambo jingine. Iyeyushe kwenye maji yenye asidi kidogo, iweke juani, na uso wa maji utatoa rangi ya buluu laini. Mwingereza John Herschel aliandika habari hiyo mwaka 1845 asiweze kuieleza. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes akaifumbua: kwinini humeza miale ya urujuanimno, ile tusiyoiona, ikapoteza sehemu ya nguvu yake, kisha ikatema iliyobaki kama mwanga tunaouona. Jina akalichukua kwenye jiwe la fluoriti, nasi tunasema fluoresensi.

Sasa utaniuliza, ndugu msomaji, hayo yanatuhusu nini? Yanahusu seli. Seli nyingi hupitisha mwanga tu. Ukizitazama kwa hadubini ya kawaida unaona vivuli-vivuli. Lakini ukipenyeza ndani yake kitu kinachong'aa kikakishika kile unachokitafuta, hicho peke yake ndicho kitakachowaka, kama kibatari cha muuza karanga kituoni usiku umeme umekatika. Huna haja ya kuona kituo chote. Unamwona muuza karanga.

Tabu ni kwamba mwanga huu hauvumilii msongamano. Mwaka 1954 Wajerumani Theodor Förster na Karl Kasper waliandika juu ya pireni: kadiri walivyoizidisha katika kimiminika, ndivyo mwanga wake wa asili ulivyofifia. Molekuli bapa zikikaribiana mno hulaliana kifudifudi, na nguvu iliyomezwa na moja hurukia nyingine, na nyingine, mpaka inapotelea kwenye joto. Bwana, ni daladala la saa kumi na mbili jioni: wamo wengi, hapumui mtu. Kwa miaka mingi wanakemia walilikubali hilo kama unavyokubali kwamba mvua hulowanisha.

Mwaka 2001 likaja jambo la kinyume. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong, kundi la Ben Zhong Tang lilikuwa na molekuli za jamii ya siloli. Tone bichi likiwekwa chini ya taa ya urujuanimno, giza. Tone likikauka, linawaka! Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa kosa la maabara, sahani ikatupwa na kazi ikaendelea. Wao wakauliza kwa nini. Kumbe molekuli hizo zina mapanga yanayozunguka kama ya feni. Zikiwa huru majimajini, mapanga yanazunguka na nguvu yote inaishia kwenye mzunguko. Zikibanwa pamoja, mapanga yanakwama, na kwa kuwa yamekaa upande-upande hayawezi kulaliana bapa. Nguvu inakosa pa kukimbilia, inatoka kama mwanga.

Maumbile yalikuwa yameshaijua hila hiyo. Protini ya kijani aliyoieleza Osamu Shimomura mwaka 1962, kutoka kwa kiwavi wa baharini aina ya Aequorea, ina umbo la pipa, na ndani ya pipa kuna kijisehemu kinachong'aa. Kitoe nje kiache kijipinde kitakavyo, karibu kinazima kabisa. Protini hiyo ilimpa Shimomura na wenzake wawili Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Upande mwingine wa kemia walikuwapo wajenzi. Omar Yaghi, aliyezaliwa Amman mwaka 1965 katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, alitangaza na wenzake mwaka 2005 fuwele zilizojengwa kwa atomu nyepesi kama kaboni na boroni, zenye vitundu vilivyopangika kama vyumba vya jengo. (Nobel yake ya 2025, aliyogawana na Susumu Kitagawa na Richard Robson, ni ya ndugu zake fuwele hizi, wale wenye metali.) Nani asingetamani jengo kama hilo ndani ya seli? Vyumbani unaweka dawa, ukutani unaweka taa, kisha unatazama dawa inakokwenda.

Lakini nyingi za fuwele hizi ni tabaka bapa juu ya tabaka, kama karata mezani. Ugonjwa ule ule wa 1954.

Mwaka 2016 kundi la Donglin Jiang, Japani, lilijenga kuta kwa molekuli yenye mapanga manne. Kati ya kila chembe 100 za mwanga zilizomezwa, hadi 32 zilirudi. Kwa fuwele za namna hii hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Ila vifungo vyake vilikuwa vya boroni na oksijeni, ambavyo maji huvifumua, na seli ni maji kuliko kitu kingine chochote. Taa nzuri, nyumba ya chumvi.

Ndiyo maana wajenzi waligeukia vifungo vigumu zaidi, hata vya kaboni kwa kaboni mwaka 2017, na wanaotaka kuingia ndani ya seli huzivunja fuwele ziwe chembe za nanomita, maana donge kubwa seli hailimezi. Halafu dawa yenyewe, ikishaingia chumbani, huweza kuila nuru ya ukuta.

Na rangi nayo ina mgogoro wake. Mwanga wa buluu na urujuanimno huumiza seli na haufiki mbali nyamani. Unaofika mbali ni mwekundu na ule unaopita wekundu. Ili kuupata, kwa kawaida molekuli hurefushwa na kubapazwa. Na kadiri ilivyo bapa, ndivyo inavyopenda kulaliana na mwenzake.