Sehemu ya 5: Mtu ni Afya, na masikio yaliyosahaulika

Mama zangu wa Ngokolo, na nyie wa Geita mnaonifuatilia, leo historia kidogo.

Waulizeni bibi zenu kuhusu Mtu ni Afya. Mwaka 1973 watu kama milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi. Anayejua kusoma anawasomea wenzake, wanajadiliana, halafu wanainuka kwenda kuchimba choo. Malaria, safura, kichocho, kifua kikuu, vyote vilizungumzwa. Kelele haikuwemo. Siwalaumu, enzi hizo makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu hayakuwa yamezagaa hivi.

Ila ugonjwa wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 wa matangi ya mvuke, wanaogonga vyuma kutwa. Hakukuta hata mmoja mwenye masikio mazima! Ndani ya sikio kuna vijinywele vidogo mno. Kelele ikiviua, havioti tena. Na hakuna damu wala maumivu, ndiyo maana mtu hashtuki.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwatajia wachimbaji desibeli 85 kwa saa 8. Wakanitazama tu, jamani. Baadaye nikasoma kwamba Marekani, vibarua wa mashambani wanaozungumza Kihispania hufundishwa kukinga masikio kwa hadithi za picha. Nikachukua daftari. Nikachora baba katoka karashani, mkewe anamsemesha, yeye hageuki. Sauti nyembamba, za wanawake na watoto, mara nyingi ndizo hutangulia kupotea.

Mama mmoja pale kliniki akacheka, kisha akanyamaza. "Nesi, huyo ni mume wangu. Mwaka mzima najua ananidharau."

Sasa, mkiwa karashani na inabidi umpigie kelele mtu aliye umbali wa mkono, hapo pameshazidi. Anayefanya kazi pale avae viziba masikio vyenyewe, pamba haitoshi. Mtoto wa mgongoni usimzibe na kitu, anaweza kukitoa akakimeza. Mwondoe kabisa. Najua wengine mnaponda mawe palepale na hamna wa kumwachia, hilo tutalizungumza sehemu ya 6.

Ukurasa wa mwisho wa daftari sijauchora bado. Mume wa yule mama anakuja kupimwa Alhamisi.