Mtoto anayetoka jasho akinyonya

Mtoto akilia na kutoka jasho anaponyonya, hapa kwetu Rugerero tunasema ni tumbo. Mara chache huwa ni moyo.

Karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu wa Cairo, alifundisha kwamba moyo hulishwa na mishipa iliyomo ndani ya nyama yake. Mwaka 1933, Boston, madaktari Bland, White na Garland walieleza habari za mchanga wa miezi mitatu: mshipa wa kushoto wa kulisha moyo ulichipuka kwenye mshipa wa mapafu, si kwenye aota. Maskini, alifariki. Leo ekografi huweza kuuonyesha, na mpasuaji huuhamishia kwenye aota. Sisi huanzia hospitali ya Gisenyi, kisha Kigali.