Nyigu na Mwenyeji Wake

Msomaji, ukifika Londiani, katika nyanda za juu za Kericho, ingia katika shamba la mahindi ukatafute mmea ulionyauka moyo. Pasua bua lake. Yamkini utamkuta ndani kiwavi anayelila taratibu. Ni mtoto wa nondo aitwaye Busseola fusca, mzaliwa wa Afrika apendaye mahali penye baridi. Mkulima hamwoni mpaka hasara imekwisha kutendeka.

Pwani ya Kenya mahindi yana adui mwingine, Chilo partellus, mgeni aliyetoka Asia. Huyu alionekana Malawi karibu na mwaka 1930, kisha akaenea Afrika ya Mashariki. Alipokuja huku alimwacha nyuma adui yake, nyigu mdogo sana aitwaye Cotesia flavipes. Basi mwaka 1991 wataalamu wa ICIPE, kituo cha uchunguzi wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970, walimleta nyigu huyo kutoka Pakistan, na mwaka 1993 wakamwachilia mashambani pwani. Akastawi, na viwavi wale wa kigeni wakapungua.

Nyigu huyo hufanyaje kazi? Jike huingia katika tundu la kiwavi, akamchoma na kumtia mayai makumi kadhaa. Watoto hula ndani ya mwili wa mwenyeji wao, kisha hutoka na kujifumia vifuko vyeupe. Kwa hiyo atakaye kufuga nyigu hana budi kufuga viwavi kwanza.

Hapo ndipo penye fumbo. Je, kiwavi yeyote atafaa? Wataalamu walijaribu. Ndani ya Chilo watoto wa nyigu walikua vema. Ndani ya Busseola hakutoka kitu. Jike alimchoma kama kawaida, asijue kwamba amepotewa. Chembe za damu ya kiwavi ziliyazunguka mayai na kuyaua. Mfugaji ambaye angempa nyigu huyo viwavi wa Londiani angejaza vyombo vyake mwaka mzima asivune nyigu hata mmoja.

Ajabu zaidi ilionekana kwa nyigu wa asili ya Afrika, Cotesia sesamiae. Katika miaka ya 1990 walilinganishwa wale wa Mombasa na wale wa Kitale. Kwa macho ni wamoja. Lakini wa Mombasa walishindwa na Busseola, na wa Kitale, kwenye nyanda za juu ambako Busseola ni wengi, walizaliana ndani yake bila shida. Siri yao ni ya urithi: pamoja na mayai, jike hutia virusi vinavyolegeza ulinzi wa mwenyeji, na virusi vya wa Kitale vina nguvu juu ya Busseola.

Fikiri sasa, msomaji. Kama mtu angechukua nyigu wa pwani, akawaleta Londiani kwa kuwa tu jina lao ni lile lile, mkulima angengoja wokovu usiokuja, na mahindi ya watoto wake yangeliwa. Basi ukiambiwa kwamba mdudu fulani ni rafiki wa mkulima, uliza jina lake. Kisha uliza ametoka wapi, na amelelewa ndani ya nani.